Kufufua Land Rover ya Kale Uani Kwako, Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Dar es Salaam mtu akinunua gari la kale, kitu cha kwanza anachofanya ni kupiga rangi. Majirani wanasifia, picha zinarushwa WhatsApp, na masika mawili hayapiti kutu inachomoza pale pale, safari hii ikiwa imefunikwa na puti. Mwongozo huu unakwenda kinyume. Tunaanza chini kwenye chasi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, tunamalizia juu kwenye rangi, na muda wote wa kazi gari linabaki na magurudumu yake manne. Hilo la magurudumu nalisisitiza: gari lililofunguliwa lote likawa vipande uani, mwisho wake huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nimechagua Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Bado zipo nyingi kwenye mashamba, misheni na yadi za watu, zimeungwa kwa bolti na nati kiasi kwamba mtu mwenye spana na subira anafika mbali, na spea zake hazijatoweka. Ukiwa na Peugeot 504 au Datsun 120Y, mpangilio wa kazi ni huu huu, ila jiandae kuchomelea zaidi, kwa kuwa kwenye salunu hizo hakuna chasi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa.

Kabla ya kutoa hela

Bodi ya Land Rover isikutishe wala isikuvutie. Mabati yake mengi ni aluminiamu, kwa hiyo hayali kutu nyekundu, na gari linaweza kuonekana zima huku chini limekwisha. Chukua nyundo ndogo na bisibisi kubwa, vaa ovaroli, ingia uvunguni. Gonga chasi kuanzia mbele kwenye vishikio vya springi, fuata boriti mbili ndefu, kisha ile ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti dufu, na bisibisi inaingia bila nguvu. Boriti ya nyuma na vile vikono vya pembeni vinavyobeba bodi ndivyo huoza kwanza, kwa sababu matope hukaa mle na hayakauki.

Baada ya hapo kagua ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Ukuta huo si aluminiamu. Angalia pale miguu inapokaa, nguzo zinazoshika bawaba za milango, na pembe za juu chini ya kioo. Chasi na ukuta huo vikiwa vimeoza vyote viwili, omba bei ya skrepa au ondoka. Injini mbovu inatibika. Giaboksi inatibika. Gari lisilo na mifupa linakula mshahara wako miaka na miaka.

Vuta vijiti vya kupimia oili, na fungua nati za kujazia oili kwenye giaboksi na difu. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kwa gari lililokaa Dar swali la kwanza ni kama liliwahi kupita Jangwani siku Msimbazi umefurika.

Karatasi zina uzito sawa na chuma. Namba ya chasi ya Series III imegongwa kwenye kishikio cha springi cha mbele upande wa kulia. Kwangua grisi na rangi taratibu kwa brashi ya waya hadi isomeke, ulinganishe tarakimu kwa tarakimu na kadi ya gari. Isipolingana, usisikilize hadithi ya marehemu wala ya ndugu aliyehamia Songea. Nenda na muuzaji TRA kabla hela haijabadilisha mkono, uulize pia kama namba hiyo ina deni au zuio lolote.

Uani, spana na jirani

Unahitaji sakafu ya zege angalau upana wa gari na mita moja kila upande, na paa. Turubai linalofunika gari moja kwa moja ni baya kuliko kutokuwa na kitu, maana joto la Dar linavuta unyevu kutoka ardhini na kuufungia humo humo. Bora nguzo nne na mabati, upepo upite.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema, na zungumza na majirani kuhusu grinda. Hakuna anayependa kusikia chuma kikisagwa Jumapili asubuhi au wakati wa adhana. Na kabla ya kununua mashine ya kuchomelea, muulize fundi umeme kama nyaya za nyumba zinaihimili. Uniti za LUKU zitakwenda, hilo lijue. Lakini nyaya nyembamba za nyumba ya kupanga zinaweza kuungua.

Sasa spana, na hapa watu wengi wanaharibu gari siku ya kwanza. Land Rover ya miaka hii imefungwa kwa vipimo vya inchi. Seti nyingi za spana mitaani ni za milimita. Bolti yenye kichwa cha nusu inchi ina milimita 12.7, spana ya 13 itaingia, itaonekana sawa, kisha kwenye bolti iliyoshika kutu itateleza na kula pembe zote sita. Ukishakata pembe, kazi ya dakika mbili inageuka kuwa ya grinda. Tafuta seti ya inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4 zitakufikisha mbali. Ya 3/4 ndiyo inayolingana vizuri zaidi na ya milimita, yaani ya 19. Maduka ya Gerezani na Kariakoo wanazo ukiuliza kwa subira, na wazee wa gereji za zamani wakati mwingine huuza zao, ambazo ni chuma cha kweli.

Ongeza jeki ya tani mbili au zaidi na stendi nne za chuma. Matofali ya saruji, yale ya bloku tunayojengea, hayabebi gari. Yanapasuka ghafla bila kuonya. Hili halina mjadala, hata kama fundi wa mtaani kwenu amekuwa akiyatumia tangu ujana wake.

Kila kitu unachofungua kipige picha kwa simu kwanza, halafu nati na bolti zake ziingie kwenye kopo lenye kifuniko, jina liandikwe kwa kalamu ya wino mzito. Makopo ya Blue Band yanafaa sana. Makopo yalale ndani ya nyumba, si uani: wapita njia wanaokusanya chuma hawajui kwamba kile kibati ni sehemu ya kabureta.

Panga kazi kwa mvua

Kalenda ya Dar ndiyo itakayokuongoza. Masika, Machi hadi Mei, fanya kazi za ndani: kabureta mezani, stata, altaneta, nyaya, viti. Juni hadi Septemba hewa inakuwa kavu na baridi kidogo. Huo ndio wakati wa kuchomelea chasi, kupiga prima na rangi. Vuli ikianza, Oktoba au Novemba, chuma chote ulichokwangua kiwe kimeshafunikwa. Karibu na bahari, Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni, chuma kilichosafishwa asubuhi kinaweza kuwa na wekundu jioni. Kwa hiyo usikwangue usichoweza kukipiga prima siku hiyo hiyo. Ukiwa na saa tatu tu Jumamosi, kwangua kipande cha saa tatu.

Amsha injini kwanza

Nasema tuanze chini, lakini kabla ya kutumia hela kwenye chasi ujue injini ikoje. Injini ya petroli ya Series III ina lita 2.25, silinda nne, mwili wa chuma cha kalibu, na haijaficha kitu.

Toa plagi zote. Mimina vijiko vichache vya oili kila silinda, acha usiku kucha au siku kadhaa. Kisha tumia hendeli ya mbele kuzungusha kwa mkono, gia ikiwa huru. Ikigoma, usilazimishe kwa stata. Ongeza oili na siku. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, weka mpya.

Tanki lioshwe au libadilishwe. Petroli iliyokaa miaka inageuka kuwa gundi inayonuka. Tanki lililotoboka usiruhusu mtu alichomelee uani kwako. Mvuke wa petroli hubaki hata tanki likionekana kavu, na moto mmoja unalilipua.

Upande wa umeme, fungua distributa. Safisha platini, vile vidole viwili vinavyokata na kuunga umeme, kwa msasa laini, weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40 kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi), badilisha kondensa hata kama ya zamani inafanya kazi. Plagi ziwe na nafasi ya karibu milimita 0.75. Waya za plagi zifuate mpangilio wa 1-3-4-2 kwa mzunguko wa rota. Watu wengi wanaita gari bovu wakati waya mbili tu zimepishana. Valvu ni rahisi zaidi: nafasi ya inchi 0.010 zote, za kuingiza na za kutoa.

Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake maarufu. Kifuniko cha juu hujikunja kwa joto, hewa na petroli vikapita pasipofaa, gari likawa linakula mafuta na kukataa kutulia injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta. Kabla ya kununua nyingine, lalisha uso wa kifuniko juu ya kioo kilichonyooka na utazame kama mwanga unapita katikati. Ukipita, bandika msasa mzuri kwenye kioo hicho hicho na ukisugue kifuniko kwa kufuata umbo la namba nane hadi kikae sawa, kisha weka gasketi na oringi mpya.

Injini ikiwaka, pima kompresheni. Silinda zikikaribiana, funga na uendelee na chasi. Moja ikiwa chini sana, weka kijiko cha oili humo na upime tena: namba ikipanda, tatizo ni ringi, isipopanda, ni valvu au gasketi. Ukilazimika kutoa hedi, mwambie fundi wa karakana ya kuchonga aweke siti ngumu za valvu za kutolea moshi. Injini hizi zilisanifiwa zamani za petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliondoka kwenye vituo vya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006.

Rejeta usiijaze maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, unaionja mwenyewe ukiosha uso. Chumvi hiyo inakula ndani ya rejeta na pampu. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, uyahifadhi kwenye madumu safi, uchanganye na kuleanti.

Chasi

Kabla ya kukata chochote pima kwa futi ya chuma mishazari miwili: kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo vilingane. Kisha weka stendi nne chini ya chasi yenyewe, sehemu nzima, na milango iwe imefungwa. Mlango ukianza kugoma katikati ya kazi, chasi imecheza.

Fanya upande mmoja kwa wakati. Fundi atataka kupiga kiraka juu ya kutu, kwa sababu ni haraka na kinaonekana safi. Mkatalie. Kata hadi ufike chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa mara tatu ya ulivyotegemea, na uzibe kwa pleti ya milimita 2, si bati la kuezekea. Hapa ndipo ningetumia hela kumwita fundi wa kuchomelea mwenye mashine ya waya aje nyumbani, badala ya kujifunzia kwenye boriti inayobeba familia. Kama unataka kujifunza, VETA Chang'ombe wanafundisha, na vipande vya mazoezi viwe vya mabaki. Utaratibu wa kazi na fundi uwe hivi: wewe unakwangua, unakata, unapima na kutengeneza viraka jioni za wiki, yeye anakuja siku moja kuchomelea vyote. Mnapatana kwa kazi, si kwa siku.

Chomoa betri na waya za altaneta kabla ya mashine kuwashwa. Tanki litolewe kabisa. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu, na mtu akae akilinda cheche kwa nusu saa baada ya kazi kuisha.

Chuma kikipoa, kwangua, futa kwa tina (kiyeyusha rangi), piga prima yenye zinki, kisha rangi ya chasi mara mbili. Chasi huoza kuanzia ndani, kwa hiyo zibua kwanza kwa waya matundu ya kutolea maji upande wa chini, halafu pulizia nta au oili nzito ndani ya boriti. Kuhusu oili chafu ambayo gereji nyingi hupulizia chini ya gari lote: ndani ya boriti, baada ya kuchomelea, sina ugomvi nayo. Nje inalowesha bushi na raba zote zikavimba, inakusanya vumbi, na siku utakapotaka kuchomelea tena itakuwakia usoni.

Ukuta wa mbele unafuata njia hiyo hiyo. Sehemu za miguu zinauzwa zikiwa zimekatwa tayari, lakini fundi bodi mzuri anazikunja.

Breki

Series III za kawaida zina ngoma magurudumu yote. Silinda za magurudumu zibadilishwe zote kwa pamoja, pamoja na mipira ya masta silinda na paipu za raba. Kukarabati moja moja ni kufungua gari hilo hilo kila mwezi. Vumbi la breki shuu za zamani huenda lina asbesto: lilowanishe kwa maji na ulifute, usilipulize kwa kompresa. Mafuta ya breki nunua kopo dogo na utumie siku hiyo; kopo lililofunguliwa likakaa kwenye unyevu wa Dar limeshakunywa maji.

Ukiwa hapo, tazama yale matufe ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakiwa na vishimo vya kutu, oili itavuja hata ukiweka sili mpya kila wiki. Springi za bapa zifunguliwe, zisafishwe, bushi zibadilishwe. Bolti zake ndizo ngumu kuliko zote kwenye gari. Zipulizie mchanganyiko wa oili ya giaboksi otomatiki na tina siku kadhaa kabla.

Spea

Gerezani na Ilala utasikia: "Bosi, hii orijino kabisa, inaingia ile ile." Nenda na kile kibovu mkononi, ukiweke pembeni ya kipya juu ya kaunta, mhesabu meno na mpime kipenyo pamoja. Muuzaji wa kweli hachukii. Kwa raba na silinda za breki nunua mpya. Kwa giaboksi, difu na ekseli, kilichotumika kutoka gari lililokufa mara nyingi ni bora kuliko kipya cha bei rahisi. Na jenga urafiki na wenye magari kama lako. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lao, na watu wa namna hiyo ndio wanaojua nani ana mlango wa kushoto umelala ghalani.

Nyaya

Taa hafifu kwenye Land Rover ya pwani mara nyingi si tatizo la betri. Umeme wake hurudi kupitia bodi, na aluminiamu ikikutana na chuma mahali penye chumvi na unyevu, unga mweupe huota katikati yao na kuziba njia. Vuta waya mmoja mnene kutoka betri hadi chasi, mwingine hadi injini, na mingine midogo kutoka kila taa hadi kwenye bolti moja safi. Fanya hivyo kabla ya kulaumu altaneta. Ongeza pia fyuzi. Kiwandani waliweka chache mno.

Bodi na rangi

Unga huo mweupe utaukuta pia pembezoni mwa mabati, kila penye ribiti au pembe ya chuma. Toa pembe hiyo, safisha pande zote, piga prima, na uirudishe ukiwa umeweka utepe mwembamba wa raba au silanti katikati. Aluminiamu haishiki prima ya kawaida. Omba ile ya asidi maalumu kwa aluminiamu, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Mikunjo inyooshwe kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, taratibu, na puti iwe nyembamba.

Rangi ya kupuliza ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi) ina sumu ya mapafu. Mask ya kitambaa haisaidii. Mpe fundi rangi mwenye chumba chake, au fanya ninavyopendelea kwa gari hili: rola ya sponji na rangi ya mafuta nzuri, koti nne nyembamba, ukisugua kwa msasa wa maji kati ya kila moja. Gari la shamba halihitaji kung'aa kama kioo. Anza saa mbili asubuhi, umande ukishakauka, umalize kabla jua halijawa kali.

Viti ni kazi ya wiki moja: fremu zikwanguliwe, sponji na ngozi wakushonee mafundi wa Keko.

Kurudi barabarani

Usianze na safari ya Bagamoyo. Zunguka mtaa, rudi, gusa kila ngoma ya gurudumu kwa mgongo wa mkono. Yenye joto kuliko nyingine inakwama. Kaza nati za magurudumu na za springi baada ya safari ya kwanza. Kama ulitoa hedi, ikaze tena kwa spana ya toki kufuata mpangilio wa kitabu cha gari, na upime valvu upya. Oili ya injini imwagwe mapema, kilomita mia chache tu, kwa kuwa uchafu wa miaka utakuwa umeachia.

Rangi na namba ya injini vimo kwenye kadi. Ukiwa umebadilisha kimojawapo, pita TRA ukarekebishe, kata bima, ndipo upeleke gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani. Wakague likiwa limeoshwa chini pia. Matone ya oili safi yataonyesha yanakotoka, na utajua Jumamosi ijayo uanzie wapi.